Babangu ana vali ya moyo, na sasa imeonekana kalsiamu. Nimkataze maziwa?

Mwana_wa_Shela: Assalam aleikum ndugu zangu. Babangu, miaka 76, alitiwa vali mpya, kile kilango cha damu moyoni, kule India kwa kupitia pajani. Juzi kapigwa eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, ripoti yasema vali ina kalsiamu. Sipati usingizi. Nimkatie maziwa na dagaa?

Dada_Langoni: Waleikum salaam. Maziwa hayana kosa. Ripoti yasema vali ipi? Kwa njia ya paja ile mbovu haitolewi. Mpya hufunguliwa ndani yake, na chokaa ya zamani, ndiyo hiyo kalsiamu, husukumwa kando ikabaki papo hapo. Hata mpya, kwa kuwa ni utando wa moyo wa ng'ombe au nguruwe, miaka ikienda huweza kushika chokaa. Dawa anakunywa?

Nahodha_Mstaafu: Mamangu alitiwa betri ya moyo. Tulivuka Mokowe kusi limechachamaa, yeye kashika tasbihi, sisi tunatapika! Wazee wapewe heshima yao, vijana wa leo hamuwakalii.

Mwana_wa_Shela: Amina mzee wangu. Anahema kidogo akipanda ngazi, ni uzee tu.

Dada_Langoni: Nimeuliza dawa.

Mwana_wa_Shela: Aspirini aliiacha tangu Ramadhani. Kuna tabibu kampa unga wa kuyeyusha chokaa, na nusu ya pesa nishalipa. Msinilaumu. Siwezi kumshindilia babangu kidonge, na huyo tabibu watu wanamsifu.

Bin_Pate: Hii chai! Vali ipite pajani ifike moyoni? Subirini, sasa hivi atatoa namba ya simu tununue unga.

Muuguzi_Malindi: Vali kupita pajani si chai. Alain Cribier aliweka ya kwanza kwa mrija wa mshipani, bila kupasua kifua, Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Chai ni huo unga: hakuna dawa iliyothibitishwa kuyeyusha chokaa ya vali.

Mwana_wa_Shela: Siuzi kitu, Bin_Pate. Alama ya baba ya kinenani haizidi ukucha, nimeiosha kwa mkono wangu. Lakini baba kashatia nia aumalize unga, na pesa hazirudi.

Muuguzi_Malindi: Pesa ziache. Kuhema kwa mwenye vali usikuite uzee. Huenda inakaza, au damu imeganda juu yake, na hiyo ya kuganda ina dawa. Mpeleke kwa daktari wa moyo Mombasa, amwambie wazi kuhusu aspirini. Chukua unga wenyewe na ripoti ya eko ya kwanza baada ya kutiwa vali, wailinganishe na hii. Akizimia au kifua kikambana njiani, ingieni hospitali iliyo karibu.

Nahodha_Mstaafu: Kesho alfajiri niko gatini. Akikataa kushuka, nipigie nije nizungumze naye, wazee kwa wazee.