Naomba ushauri: Gavana Mkuu wa Kanada ana meno au ni kibogoyo?

Wakuu, habari za leo. Niko Kanada, najiandaa na mtihani wa uraia (maswali 20, lazima upate 15) na kuna jambo linanitatiza.

Mkuu wa nchi ni Mfalme Charles, yule yule wa Uingereza. Hapa anawakilishwa na Gavana Mkuu, ambaye mfalme humteua kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Hapo ndipo ninapochoka. Yaani anayeidhinisha miswada iwe sheria na kuvunja Bunge amependekezwa na mwenye cheo kile kile kitakachokuja kumwomba alivunje! Atamkatalia vipi?

Nikachimba. Mwaka 1926 Gavana Mkuu Lord Byng alimkatalia Waziri Mkuu Mackenzie King kuvunja Bunge, akamkabidhi serikali mpinzani wake Arthur Meighen. Meighen hakumaliza hata wiki akaangushwa bungeni, uchaguzi ukaitishwa, King akarudi madarakani. Lakini mwaka 2008 Gavana Mkuu Michaëlle Jean alimkubalia Waziri Mkuu Stephen Harper asitishe vikao vya Bunge, wakati wapinzani wamejipanga kumng'oa.

Kwetu Tanganyika Gavana Mkuu alikuwa Sir Richard Turnbull, mwaka mmoja tu, 1961 hadi jamhuri ya 1962, kwa hiyo hata wazee wangu hawanisaidii.

Mliosoma sheria, au mliokwisha kufaulu mtihani huu: nikiulizwa, nimweleze Gavana Mkuu kama mwenye madaraka au mgonga mihuri? Na mlioko Australia, ile ya Gavana Mkuu wenu Kerr kumfukuza Waziri Mkuu Whitlam mwaka 1975, leo ingewezekana?