GT kwenye rali: mnazibana kwa kanuni, halafu mnasema hazina kasi

Wakuu,

Kila mjadala wa R-GT (daraja la rali la magari ya GT, yaani magari ya michezo ya kasi) ukianza hakosekani mtu wa kusema magari haya yasishindane kwa masharti sawa na Rally2 (daraja la magari ya rali yenye injini ndogo na yanayosukumwa na magurudumu yote manne) kwa sababu yana injini kubwa mno. Akibanwa kwenye hoja hiyo anahamia ya pili: mbona hata yalipokuja hayakushinda? Hoja hizo zinapingana zenyewe kwa zenyewe, lakini zimetosha kuyaweka magari ya GT pembeni tangu FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, ilipoyatungia kanuni mwaka 2011. Nimechoka nazo. Tuzungumze kwa namba.

Kanuni ya R-GT kwa ufupi: gari litokane na GT inayouzwa kwa watu wa kawaida, lisukumwe na magurudumu mawili tu, na nguvu yake ibanwe kulingana na uzito wake. Kinachobania ni ristrikta, pete inayowekwa kwenye njia ya hewa ili injini isivute zaidi ya kiasi kilichopangwa. Wanaotetea mfumo huu wanasema kilo kwa kila farasi zikishalingana, haki imetendeka. Haijatendeka hata kidogo.

Chukueni Rally2: injini ya lita 1.6 yenye tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada), ristrikta ya milimita 32, mgandamizo wa tabo usiozidi baa 2.5, uzito usiopungua kilo 1,230, nguvu kama farasi 290. Ukigawanya unapata kilo 4.2 kwa farasi. Sasa tuseme kuna GT ya kilo 1,300 yenye farasi 330, hiyo ni kilo 3.9. Namba ndogo ndiyo bora, kwa hiyo kwenye karatasi GT imemzidi mwenzake. Iteremshe kwenye kona ya pini ya mlimani, lami imelowa, gia ya kwanza. Rally2 ina zaidi ya Nm 400 za torki (nguvu ya kuzungusha) tangu mizunguko ya chini, na inazigawa kwa matairi manne. Dereva wa GT ana matairi mawili ya kusukumia, kwa hiyo anasubiri gari linyooke ndipo akanyage mafuta. Anapopata mshiko, mwenzake ameshapanda gia ya tatu. Zile farasi 40 za ziada zinahitaji barabara ndefu iliyonyooka ili zilipe deni hilo, na steji za Corsica au za juu ya Monte Carlo hazina barabara ya namna hiyo.

Ristrikta yenyewe inaumiza upande mmoja kuliko mwingine, na hili ndilo watu hawataki kulisikia. Injini ya lita 3.8 isiyo na tabo, ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, inataka takriban lita 253 za hewa kila sekunde. Hesabu ni rahisi: inavuta ujazo wake wote kila mizunguko miwili. Ukiiwekea pete ndogo, itafika mahali hewa haiongezeki tena hata ukanyage vipi, na kuanzia hapo kila mzunguko wa ziada unapunguza torki. Injini ya aina hii imeundwa ipumue juu, nguvu yake yote iko kule. Ukiikata kule, umeikata uhai. Injini ndogo ya tabo nayo inabanwa juu, lakini chini na katikati tabo inaijazia kila inachohitaji. Pete inayofanana kwa macho inafanya kazi mbili tofauti kabisa, na bado mtu anakuja hapa na neno "sawa".

Halafu kuna magurudumu. Kwenye lami Rally2 inatumia rimu za inchi 18 na diski za breki za mbele za milimita 355. Ikienda kwenye vumbi, fundi anafunga diski za milimita 300 na rimu za inchi 15, maana tairi la rali ya vumbi lenye ubavu mnene linatengenezwa kwa rimu hiyo. Gari lilibuniwa tangu mwanzo likubali seti zote mbili: habu, kalipa (kibano cha breki), shokamzoba, kila kitu. GT imetoka kiwandani na diski kubwa na kalipa nene. Rimu ya inchi 15 haiingii, inagonga kalipa kabla hujafunga nati ya kwanza. Ili iingie lazima ubadilishe kalipa, diski, pengine na habu, kisha utafute safari ya shokamzoba ambayo chesesi haina nafasi nayo. Mkono wa saspensheni ni mfupi, mnara wa shokamzoba uko chini, na ukiinua gari kwa springi peke yake, ekseli zinakaa kwa pembe mbaya na viungo vyake vinakatika. Ndiyo maana Kombe la R-GT lililoanza 2015, akalichukua François Delecour na Porsche 911, lilikuwa la rali za lami. Sawa, na likae kwenye lami. Lakini basi kwenye hiyo lami waachiwe washindane!

Msiniambie magurudumu mawili hayawezi. Rali ya Safari ya mwaka 1971 ilichukuliwa na Edgar Herrmann, na ya 1973 na Shekhar Mehta, wote wawili kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili linalosukumwa na magurudumu mawili. Björn Waldegård alikuwa wa pili na Porsche 911 mwaka 1974, na Vic Preston Jr wa pili na 911 mwaka 1978. Mwaka huohuo wa 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Monte Carlo kwa 911. Mtasema hiyo ni kabla ya Audi Quattro na magurudumu yake manne ya kusukuma. Haya, njooni 1999: Philippe Bugalski alishinda Catalunya na Corsica, rali nzima, mbele ya magari yote ya WRC (daraja la juu la rali za dunia), kwa Citroën Xsara ya lita 2.0 isiyo na tabo, inayosukumwa na magurudumu ya mbele. Siri yake ni uzito. Kanuni ya daraja lake iliruhusu kilo 960 wakati WRC ilikuwa kilo 1,230. Walipewa punguzo halisi la kilo 270, wakashinda kwenye lami kavu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na sasa tunaambiwa kanuni mpya za WRC za 2027 zitafungua milango: fremu ya mabomba, kikomo cha gharama cha euro 345,000, umbo la bodi huria. Umbo! Unaweza kuvalisha gari sura yoyote, lakini chini yake ni lita 1.6 ileile na mfumo uleule wa magurudumu manne. Mwenye gari lenye injini nyuma ya viti, magurudumu mawili, silinda sita, bado hana mahali.

Ninachodai ni haya. Kwenye rali za lami, GT zipewe nafasi ya kweli ya kushindania msimamo wa jumla na pointi za jumla. Nguvu ipimwe kwenye mashine, kwenye magurudumu, mkunjo wote wa torki (mchoro wa torki kwa kila kasi ya injini) kuanzia mizunguko 3,000, na ristrikta itokane na mkunjo huo badala ya namba moja ya kileleni. Na magurudumu mawili yapewe nafuu ya uzito kama 1999. Anayepinga aje na namba.

—

Jibu la 1

Mkuu, kwenye torki na kwenye breki umesema kweli tupu. Lakini umeruka usalama, na mimi huko sikuachii.

Rally2 inajengwa kwa ajili ya kugonga mti kwa ubavu. Kiti kinasogezwa nyuma na kuelekea katikati ya gari, na pengo kati ya kiti na mlango linajazwa povu maalumu la kunyonya pigo. GT ina nafasi hiyo wapi? Dereva amekaa chini, bega lake limekaribia mlango, na mlango wenyewe ni mrefu, kwa hiyo mabomba ya kinga ya ubavuni yanavuka pengo kubwa. Huwezi kusogeza kiti ndani kwa sababu handaki la katikati linazuia.

Jingine ni malighafi. Alpine A110 na Lotus Exige zina chesesi za alumini zilizounganishwa kwa gundi na ribiti. Kinga ya chuma huwezi kuichomelea kwenye alumini. Unaifunga kwa bolti na mabamba ya kusambaza mzigo. Ukipinda pembe ya chesesi ya chuma siku ya kwanza, mafundi wana dakika 45 za sevisi ya jioni: wanavuta, wanachomelea, gari linarudi. Gundi ya alumini inahitaji muda wa kukauka, na kiungo kilichopasuka hakionekani kwa macho. Rali yako imeishia hapo. Hilo halina uhusiano na FIA kuwachukia.

—

Jibu la 2

Naongezea upande wa huku kwetu, maana wapo wanaotaka GT hizi zije Naivasha kesho.

Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa pale umepungua kwa takriban sehemu moja ya tano, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho papo hapo. Ya tabo inafidia sehemu kubwa, hasa chini na katikati. Kwa hiyo usawa uliopimwa Ulaya karibu na usawa wa bahari unakufa ukifika Bonde la Ufa. Kisha fesh-fesh ya Kedong: vumbi laini kama unga, magurudumu yanazama hadi kwenye habu. GT nyingi zinavuta hewa ubavuni au chini, na rejeta zake ziko kwenye pua karibu na ardhi. Bila bomba la hewa lililopandishwa hadi paani na kichujio cha hatua mbili, vumbi linaingia kwenye silinda, ringi zinasagika na moshi wa buluu unaanza kabla ya sevisi.

Porsche 911 zinashinda Safari Classic, ni kweli, Waldegård 2011 na Stig Blomqvist 2015, ila zile zimejengwa upya kuanzia saspensheni, na wapinzani wao ni magari ya zamani ya magurudumu mawili kama wao. Huo ndio usawa wa kweli.

—

Mwanzisha uzi

Jibu la 2, tuko pamoja. Sijasema popote GT zije kwenye fesh-fesh. Nimesema lami.

Jibu la 1, hoja ya ubavu naipokea, na iandikwe kwenye kanuni: kipimo cha chini kati ya bega la dereva na ngozi ya mlango, ujazo wa povu, idadi ya mabomba ya ubavuni. Gari lisilotimiza lisianze. Mwenye GT pana atatimiza, mwenye Exige huenda asitimize, na hiyo ni haki kwa sababu kipimo kinajulikana mapema. Ya gundi ni hatari ya mshindani mwenyewe. Akipinda chesesi arudi nyumbani, hamzuii mtu. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza kwa nini gari lililofaulu ukaguzi wote, likamaliza steji za lami kwa muda wake halali, linyimwe nafasi ya kweli ya kushindania pointi za jumla. Hilo bado hamjanijibu.