Ushauri: poka ya hedsap, karata mbovu kwenye blaindi kubwa nazichezaje?

Kijana wa Riva:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua Texas Hold'em, hasa hii ya hedsap, wawili tu mezani. Nacheza na jamaa yangu, blaindi (dau la lazima kabla ya kucheza) 50/100, kila mtu anaanza na chipu 5,000. Yeye akiwa na batani (kiti cha blaindi ndogo, kinachoongea mwisho baada ya flopu) anareizi, yaani anapandisha dau, karibu kila mkono, wakati mwingine 200 wakati mwingine 300, na mimi kwenye blaindi kubwa naletewa vitu kama jeki na sita, kwini na tatu, tisa na tano, tena alama tofauti. Nikifoldi (nikitupa karata) naona ananilia blaindi bure, nikikoli (nikilipa dau lake) ndo balaa linaanza maana flopu, zile karata tatu za mezani, ikifunguka naongea wa kwanza, teni (karata ya nne) wa kwanza, riva (ya tano) wa kwanza, yeye amekaa tu anasubiri aone nimefanya nini.

Mfano: nina jeki ya pao na sita ya uru, kareizi 300, nimekoli. Flopu kingi, nane, tatu. Nacheki (napitisha bila kuweka dau), anabeti 200, natupa. Baadaye jeki na sita tena, flopu jeki, tisa, tano, nina jozi ya juu, nacheki nakoli, nacheki nakoli, riva anabeti poti nzima (sawa na chipu zote zilizokusanywa katikati), nabaki naangalia karata tu. Sasa hizi mbovu nizitupe zote, nizikoli, au nireizi juu ya reizi yake? Na flopu ikishakuja?

Mzee wa Shupaza:
Tupa mkuu. Karata mbovu ni mbovu, subiri jozi au ree na kingi umlipue. Uvumilivu ndo poka.

Batani Kavu:
Mzee hapo nakupinga kwa heshima, huo ni ushauri wa meza ya watu tisa. Kwenye hedsap blaindi inakufikia mkono mmoja baada ya mwingine, ukisubiri ree na kingi utamalizwa kabla hazijaja.

Mleta mada, angalia hesabu. Akireizi 200, yeye anaongeza 150 juu ya 50 yake ili achukue 150 iliyopo mezani. Yaani ukifoldi zaidi ya nusu ya mikono yako, anapata faida hata kama hajaangalia karata zake. Akireizi 300 anahatarisha 250 kwa hiyo hiyo 150, hapo mpaka ufoldi zaidi ya asilimia 62 na nusu ndo anakula bure. Kwa hiyo saizi ya reizi yake ndo inakwambia utupe ngapi.

Upande wako: kwa 200 unalipa 100 na poti inakuwa 400, unahitaji kushinda asilimia 25 ya mara. Kwa 300 unalipa 200 poti inakuwa 600, unahitaji asilimia 33. Sasa sikiliza hapa maana wengi ndo wanapopigwa. Saba na mbili za alama tofauti, zikipambana na karata zozote tu mpaka riva bila mtu kubeti, zinashinda karibu asilimia 35. Ukisoma hiyo namba peke yake unaweza kusema basi hata kwa 300 nakoli. Hapana! Wewe hufiki riva bure. Unaongea wa kwanza, unacheki, anabeti, unatupa mkono ambao pengine ungeshinda. Ile 35 kwenye karatasi mfukoni haifiki 35, na ikiwa haina alama moja wala haifuatani inapungua zaidi. Mimi jeki na sita kwa 200 nakoli bila kuwaza, kwa 300 namwangalia mtu, kama kweli anareizi kila kitu nakoli, kama kabana natupa. Saba na mbili, tatu na mbili, nane na mbili kwa 300 natupa tu.

Mama Kopa:
Niongezee kitu kimoja ambacho kwangu ndo msingi wa yote. Kijana, ukiwa blaindi kubwa hutakiwi kutegemea faida, unatakiwa upoteze kidogo kuliko blaindi yenyewe. Ukifoldi kila mkono unapoteza 100 kila mara. Ukicheza tisa na tano kwa namna ambayo kwa wastani unapoteza 80, hapo umefanya kazi nzuri sana, ingawa ukiangalia chipu utaona zinapungua na utasikia vibaya.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walitoa programu inaitwa Cepheus, ikaimaliza karibu kabisa hedsap ya limiti, ile yenye saizi maalumu za kubeti. Hata yenyewe ikicheza dhidi ya yenyewe, anayekaa blaindi kubwa anapoteza kama blaindi kubwa elfu 88 kwa kila mikono milioni moja, yaani 0.088 ya blaindi kila mkono. Mashine karibu haikosei na bado kile kiti kinakula hela. Za batani ndo unarudishia, kwa hiyo na wewe batani yako reizi mikono mingi kama yeye.

Kijana wa Riva:
Aisee dada asante, hiyo ya kupoteza kidogo sikuwahi kuifikiria, nilikuwa napima kila kiti sawa. Sasa flopu?

Batani Kavu:
Mwachie abeti yeye, wewe cheki karibu flopu zote. Karata mbili zisizo jozi zinapata jozi au zaidi kwenye flopu kama mara moja katika tatu, kwa hiyo mara nyingi wote wawili hamna kitu na yeye anabeti tu kwa sababu ana batani. Ile 200 kwenye poti ya 600 ulihitaji asilimia 20 tu kukoli. Jeki na sita kwenye kingi-nane-tatu tupa, sawa, lakini ungekuwa na tatu, hata jozi ya chini, usiiachie kwa 200.

Na chekireizi (unacheki, akibeti unareizi) itumie. Flopu za chini kama nane-sita-mbili zinakupenda wewe uliyekoli na takataka kuliko yeye. Ukiwa na tisa na tano pale unangoja saba upate mfuatano, akibeti 200 peleka 650. Mara nyingi anatupa, akikoli na saba ikaja, hawezi kudhani una tisa na tano. Flopu ya ree au kingi usijaribu hivyo, hizo ni zake.

Ile jozi ya jeki ulicheza vizuri. Riva kabeti poti nzima, unahitaji asilimia 33. Kama teni na riva hazikumalizia mfuatano wa kumi-nane wala kwini-kumi, ana mikono mingi iliyokufa, mimi nalipa.

Mama Kopa:
Reizi juu ya reizi usiifanye na jeki-sita. Chagua mbovu zenye mgongo, ree na tano au kingi na nne za alama moja, akireizi 300 peleka 1,100, kubwa kidogo kwa sababu utaongea wa kwanza. Akiwa analimpu tu (analipa blaindi bila kureizi), cheki uone flopu bure.

Kijana wa Riva:
Na chipu zikibaki 1,000?

Batani Kavu:
Hapo kuongea wa kwanza hakuna uzito tena maana flopu yenyewe huichezi. Akiweka zote, unalipa 900 kuipata poti ya 2,000, asilimia 45. Ree yoyote, jozi yoyote na kingi nyingi unalipa, tisa na tano unatupa.