Kundi letu la zabibu limepoa. Tuhamie wapi, na majibu ya marehemu niyafanyeje?

Mzabibu_Hombolo
Mbukwenyi wandugu. Tangu 2014 nasimamia kundi la wakulima wa zabibu kwenye mtandao mmoja mkubwa. Tulianza kumi na wawili wa Hombolo, hapa Dodoma, wakaja wa Mpunguzi, Bihawana, hadi Mvumi. Msimu ukikaribia simu ilikuwa hailali. Sasa swali linakaa siku nne bila jibu. Vijana wamehama, na nikifungua nakutana na matangazo ya kubeti na mikopo ya haraka.

Kuhama nipo tayari. Kinachoniuma ni yaliyomo. Kuna picha niliyopiga mwaka ule wa kwanza: jani nimelilaza kiganjani, jeupe kama limepakwa sembe. Chini yake mzee mmoja wa Mpunguzi aliandika: "Mwanangu, huo ni ubwiri unga. Piga salfa asubuhi mapema, jua likiwa kali utaunguza majani." Nikapiga, shamba likapona. Mzee ameshatangulia. Majibu yake ya namna hiyo ni mengi mle, na hayapo kwingine kokote.

FundiSimu_Majengo
Mkuu, usichelewe. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, walitangaza kufunga Oktoba 2018, Aprili 2019 hapakuwa na kitu. Ingia kwenye mipangilio upakue kumbukumbu zako, ila zikague: mara nyingi faili linabeba ulivyoweka wewe, maoni ya wengine hayamo. Ya mzee piga skrinishoti moja moja, na usiziache kwenye simu tu.

Dada_Bihawana
Kaka, WhatsApp peke yake hapana. Kundi mwisho watu 1,024, namba za wote zinaonekana, na anayeingia leo hasomi tuliyoongea mwaka juzi. Telegram mgeni anaweza kusoma ya nyuma, msimamizi akiruhusu. Halafu kumbuka wenye vitochi, mama yangu mmojawapo. Ya mzee yachape, utoe kopi, zikae pale tunapopimia mzigo.

FundiSimu_Majengo
Hapo kwenye kopi naunga mkono.

Mzabibu_Hombolo
Dada, la kuchapa sikuliwaza kabisa, ahsante. Telegram nimeshafungua, kiungo nimekibandika juu kabisa kule kwa zamani ili anayerudi atukute. Jana usiku nimenakili majibu 31 ya mzee, na bado sijamaliza 2015. Jumapili nakwenda Mpunguzi kwa binti yake kumwomba ruhusa kabla sijachapa. Ni maneno ya baba yake.