Baba ana Parkinson: mazoezi makali yatamsaidia akili au tutamuumiza?

Binti Tabata: Wakuu, habari zenu. Mzee wangu ana miaka 60, ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, anatumia dawa yake, levodopa. Kutetemeka tumeshazoea. Kinachonitisha ni kichwa: hesabu za duka zinamchanganya, na ukimwongelesha akiwa anatembea anasimama kwanza ndipo ajibu. Kaka anataka apelekwe jimu akatoke jasho hasa. Mama anasema mgonjwa apumzike. Tumsikilize nani?

Mkwezi: Mama apewe heshima yake, ila kumkalisha ndiko kunakomwongezea. Kuna utafiti wa Marekani uitwao SPARX, majibu yalitoka 2018. Wagonjwa 128 ambao hawajaanza dawa. Waliopanda mashine ya kukimbilia mpaka moyo ukafika asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake, baada ya miezi sita dalili zao zilikuwa karibu palepale. Walioendelea na maisha yao ya kila siku zilizidi.

Binti Tabata: Huo ni mwili, mkuu. Mimi nauliza akili.

Fizio wa Uswazi: Uholanzi, pale Nijmegen, kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani kwa miezi sita, jingine likanyoosha viungo tu. Uchambuzi wa picha za MRI uliotoka 2022 ulionyesha ubongo wa waendesha baiskeli haukusinyaa sana kama wa wenzao, na kwenye jaribio la kudhibiti umakini walifanya vizuri zaidi. Inatia moyo, ila msitegemee hesabu za duka zirudi kama zamani, na dawa asiache.

Mapigo ya juu ya moyo kwa dakika hukadiriwa kwa 220 kutoa umri: kwake, 220 toa 60 ni 160. Asilimia 80 yake ni 128. Lakini je, anameza dawa za presha? Atenolol inazuia mapigo kupanda, hesabu hiyo itawadanganya. Apimwe moyo kwanza, na presha akiwa amelala kisha amesimama, maana wengi wenye Parkinson presha hushuka ghafla wakisimama. Aanze polepole, saa ambayo levodopa imeshika.

Chaku: Na akitembea msimpigishe stori! Ndipo wanapoangukia.

Binti Tabata: Atenolol anameza kweli! Kaka alishalipia jimu, namzuia leo hii mpaka daktari wa moyo amwone. Anayejua wapi nitapata baiskeli ya mazoezi yenye kiti cha kuegemea, hata iliyotumika, anitajie bei.