Kikundi cha familia: Mama kastaafu, leo hapiki mtu

Dada Mkubwa: Assalaam alaykum jamani. Tumefika salama. Mama kasimama njiani hataki kutembea, ananusa maua.

Dada Mkubwa: [picha] Njia yote ya kuelekea mlangoni imepandwa lavenda huku na huku. Nyuki watupu.

Shangazi Tanga: Waalaykum salaam. Mashallah, wifi yangu kapendeza! Huo mtandio si ule niliomletea mimi? Lakini saa nane na nusu hii, bado hamjala?

Kitinda Mimba: Shikamoo Shangazi. Huku saa sita na nusu.

Shangazi Tanga: Marahaba. Mimi nishakula, nishalala, nishaamka.

Mjomba Maskati: Hongera sana dada yangu. Miaka 27 ya uuguzi, nusu yake zamu za usiku, si mchezo. Ila hapo ni wapi? Naona jumba la mfalme.

Dada Mkubwa: Shikamoo Mjomba. Kijiji kinaitwa Great Milton, karibu na Oxford. Mkahawa unaitwa Le Manoir aux Quat'Saisons. Jumba lenyewe la mawe, la karne ya 15.

Mpishi Dar: SUBIRI. Mmempeleka Mama Mkubwa kwa Raymond Blanc? Na mimi sijaambiwa?

Kitinda Mimba: Ungeambiwa wewe, kesho yake Mama angejua. Tulitaka ajue akiwa ndani ya gari.

Shangazi Tanga: Ndiyo nani huyo?

Mpishi Dar: Shangazi, huyo ni Mfaransa, alikuja Uingereza mwaka 1972. Hakusomea upishi hata siku moja, kajifunza mwenyewe. Hapo kafungua mwaka 1984. Alipata nyota mbili za Michelin na ile ya kijani juu yake.

Shangazi Tanga: Michelin si matairi?

Mpishi Dar: Ndiyo hao hao. Walitoa kitabu mwaka 1900 kuwaelekeza wenye magari Ufaransa, watu wasafiri sana matairi yaishe. Baadaye kikaanza kuipa nyota mikahawa yenye chakula kizuri, sasa wapishi tunalia kwa ajili yao. Hiyo ya kijani walianza kuitoa 2020, kwa wanaotunza mazingira.

Shangazi Tanga: Haya makubwa. Kwa hiyo fundi tairi ndiye anayesema pilau langu zuri au baya.

Mjomba Maskati: Hehehe. Sasa maswali ya maana. Nyama yao mnaila vipi? Na jelatini? Na mvinyo kwenye mchuzi?

Dada Mkubwa: Mjomba usiwe na wasiwasi. Tulipiga simu wiki mbili kabla. Tumechukua menyu ya mimea mitupu, hakuna nyama, hakuna jelatini, na tumewaambia pombe isiguse chungu.

Mjomba Maskati: Kwa hiyo mmemtoa dada yangu nyumbani kwa sherehe akale majani.

Kitinda Mimba: Mjomba!

Mjomba Maskati: Nauliza tu. Na bei je?

Shangazi Tanga: Hapo hapo. Bei?

Dada Mkubwa: Chakula kinakuja, naweka simu chini 🙏

Shangazi Tanga: Kakimbia.

[Baada ya saa moja na robo]

Kitinda Mimba: [picha] Jamani angalieni hii kabla haijaliwa. Mnafikiri ni nini?

Shangazi Tanga: Halua ya Maskati.

Mjomba Maskati: Hapana, halua naijua. Hiyo haijang'aa.

Kitinda Mimba: Bitiruti!

Shangazi Tanga: Muongo.

Kitinda Mimba: Wallahi. Vipande vyembamba vimepangwa kimoja juu ya kingine, vyekundu na vya njano, halafu kimekatwa kama tofali. Pembeni kuna kitu cheupe kama barafu. Mama kadhani ni malai, kaweka kijiko kizima mdomoni.

Dada Mkubwa: Machozi yalimtoka. Ule ni mzizi mmoja wa Kizungu unaochoma puani kama haradali, wameugandisha. Mama kakohoa, kafuta macho, kasema "hii dawa ya mafua", akamaliza chote.

Mpishi Dar: Hiyo bitiruti ni chakula chao cha siku nyingi, inajulikana. Vipande vinapangwa vikiwa vimeiva, vinawekewa uzito juu, vinapoa mpaka vishikane vyenyewe. Jaribu kukata na kisu butu uone aibu.

Mpishi Dar: Halafu msidharau majani. Mboga hizo zimetoka bustani yao, hatua chache tu kutoka jikoni, na hawatii dawa ya sumu. Maganda yanarudi kuwa mboji. Mambo ya bustani watu wengi wanayapiga picha, lakini siri kubwa nyingine haipigiki picha.

Mjomba Maskati: Ipi?

Mpishi Dar: Hesabu. Hapo hukai bila kuweka nafasi, na menyu imepangwa. Asubuhi mpishi anajua watu wangapi, nani anakula nini. Anatoa karoti za watu hao, basi. Mimi nilifanya kazi hoteli moja ya bafe. Trei la pilau lazima lijae mpaka dakika ya mwisho, mgeni asione chini. Saa nne usiku linakwenda pipani. Sisi wapishi hatukuruhusiwa hata kubeba nyumbani. Unaweza kuwa na bustani ya peponi nyuma ya jiko, kama una bafe unatupa tu.

Shangazi Tanga: Astaghfirullah. Pilau?

Mpishi Dar: Pilau, Shangazi. Na kuku.

Dada Mkubwa: Hayo ndiyo aliyokuwa anatufundisha Bibi, mnakumbuka? Machicha ya nazi kwa kuku, ukoko kwa watoto, maji ya kuoshea mchele kwenye mchaichai. Bibi alistahili hiyo nyota ya kijani kabla yao wote.

Shangazi Tanga: Kweli kabisa.

Mama: Msimsingizie mama yangu

Kitinda Mimba: Mama yuko hewani! 😂

Mama: Mama hakuwa anatunza mazingira. Hatukuwa nacho. Ukoko tulikula kwa sababu wali ulikuwa umekwisha, na yeye mara ngapi kalala na chai. Hawa wanacho na wanajizuia. Si kitu kimoja msivichanganye

Mjomba Maskati: Dada kasema kweli. Mimi ukoko mpaka leo siupendi.

Mama: Lakini nimefurahi sana wanangu Mungu awabariki. Nitawaambia kilichonigusa. Siyo nyota. Wodini jioni nilikuwa nakusanya trei za wagonjwa. Viazi vizima, samaki hajaguswa, mkate kwenye karatasi yake. Vyote pipani miaka 27. Mgonjwa humlaumu, hana hamu. Ila moyo unauma maana unajua kwenu. Leo nimekaa nimeangalia kila sahani inayorudi jikoni. Tupu. Meza ya wazee wale wa pembeni tupu. Yetu tupu. Nikasema alhamdulillah nimeiona na hii

Shangazi Tanga: Wifi unaniliza, nipo dukani.

Dada Mkubwa: Mwambie na mambo ya bustanini, Mama.

Mama: Hakuna mambo

Kitinda Mimba: Yapo. Baada ya kula tukaenda kutembea bustanini. Kuna matuta ya mboga yamenyooka kama yamepigwa rula, kuna shamba la matufaha na mapeasi ya aina za zamani, kuna na bustani ya Kijapani. Tunageuka, Mama hayupo. Tunamkuta kapiga magoti na gauni lake jipya, anang'oa gugu kwenye tuta la watu.

Mjomba Maskati: Lahaula!

Mama: Lilikuwa moja tu. Lilikuwa linaniangalia

Kitinda Mimba: Kijana wa bustani akaja, mimi nikajua tumekwisha. Akachuchumaa, wakaanza kuzungumza mbolea. Dakika ishirini! Mama anamweleza jinsi ya kupanda mihogo. Oxford!

Mama: Kijana mzuri ana adabu. Mikono yake ilikuwa na udongo wa kweli

Mpishi Dar: Mama Mkubwa, umemuulizia nafasi ya kazi kwa ajili yangu?

Mama: Nimemuuliza. Kasema andika barua

Mpishi Dar: 😭😭

Shangazi Tanga: Haya yote nimesikia, bustani nimesikia, nyuki nimesikia. Nimeuliza bei tangu saa nane.

Dada Mkubwa: Shangazi, zawadi haiulizwi bei.

Shangazi Tanga: Anayepewa ndiye haulizi. Mimi sijapewa kitu.

Mjomba Maskati: Mbuzi wangapi? Tupe kwa mbuzi.

Kitinda Mimba: Tumekubaliana na dada, bei hatutaji. Mama mwenyewe haijui.

Mama: Naijua

Dada Mkubwa: ???

Mama: Nilisema nakwenda msalani. Nilisimama nyuma yenu pale mnapolipa

Kitinda Mimba: Mama!

Shangazi Tanga: Haya wifi yangu, sema.

Mama: Si humu. Nitakupigia nikifika nyumbani

Shangazi Tanga: Nafunga duka sasa hivi. Simu iko mkononi.