Muislamu kusoma sanaa Stella Maris Mtwara

Binti wa Mikindani:
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Natamani shahada ya sanaa na ualimu, Historia na Kiswahili, pale Stella Maris, chuo cha Kikatoliki kilicho chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania). Tangu utoto napita mbele ya Boma la Wajerumani na sijapata wa kunieleza vizuri habari zake. Baba, mkulima wa korosho, hana neno. Bibi ndiye analia, anasema nitabadilishwa dini. Mliosoma vyuo vya kanisa, ilikuwaje?

Mwalimu Nachingwea:
Marahaba mwanangu. Mimi Muislamu, nilisoma chuo cha kanisa, mbali na huku. Misa hakunilazimisha mtu, hijabu nilivaa mpaka mahafali. Kilichonitikisa ni falsafa! Padri alitutaka tutetee hoja tusiyoiamini, wiki inayofuata tuibomoe. Nilikesha. Mpaka leo nafundisha hivyohivyo.

Mzee Ligula:
Ajira za walimu wa sanaa ni ngumu, usifichwe.

Mwalimu Nachingwea:
Kweli, mimi nilisubiri miaka minne. Mpeleke bibi akaone chuo mwenyewe.

Binti wa Mikindani:
Asanteni. Tutakwenda naye Jumatatu.